Modemu Imeshasema, Msikilizeni

Hitilafu namba 680 kwenye Windows ina maana moja tu: modemu, kile kifaa kinachoiunganisha kompyuta na intaneti kwa kupiga simu, imefungua laini ya simu na haikusikia mlio wa kupigia, ule unaosikika ukiinua mkono wa simu. Haijapiga namba yoyote. Jina la mtumiaji na neno la siri bado havijatoka ndani ya kompyuta. Sasa mtu anieleze kwa nini shangazi yangu, aliyeazima simu ya jirani akamsomea namba hiyo mhudumu wa kampuni inayompa intaneti, aliambiwa abadilishe neno la siri. Akabadilisha. Tatizo likabaki palepale. Akapiga tena, akaambiwa aifute Windows na kuiweka upya.

Waya wa simu ulikuwa kwenye tundu lisilo lake. Modemu yake ina matundu mawili, moja la laini inayotoka ukutani, jingine la simu ya mezani. Aliyefagia chumba aliuchomoa waya akaurudisha kwenye tundu la simu. Hilo tu. Swali moja, "waya umeuchomeka wapi?", lingemaliza kazi.

Nimekasirika, na sitaki kuambiwa kwamba intaneti ya kupiga simu imeshakufa kwa hiyo tuyaache. Kampuni ya Marekani ya AOL ilifunga huduma yake ya namna hiyo tarehe 30 Septemba 2025, maana yake hadi siku hiyo walikuwepo watu walioitegemea. Mtu mwenye laini ya shaba na hana kingine ni mteja kama mteja yeyote.

Hoja yangu ni hii: muunganisho wa modemu hupita hatua kwa hatua, na unapokwama, modemu yenyewe inasema imekwamia wapi. Kwanza mlio wa kupigia. Halafu kupiga namba. Halafu upande wa pili kuitika. Halafu modemu mbili kupatana kasi. Hapo ndipo jina na neno la siri vinapoulizwa, na mwishowe kompyuta inapewa anwani yake ya mtandao. Windows imezipa hatua hizi namba: 680 hakuna mlio, 676 laini inatumika, 678 upande wa pili haukuitika, 691 jina au neno la siri limekataliwa. Mtu aliyekwama kwenye mlango wa nyumba yake haulizwi kama amebeba kitambulisho cha kuingilia ofisini. Lakini wahudumu wanauliza hivyo kila siku, kwa sababu karatasi iliyo mbele yao inaanzia kwenye neno la siri.

Na kabla ya namba kuna sauti. Watu wanazichukulia zile kelele kama kero, na miongozo mingi inamfundisha mteja kuzizima kwa amri ya ATM0. Huko ni kumziba mteja masikio. Spika ikiwa wazi unausikia mlio wa kupigia, unazisikia tarakimu zikipigwa, unasikia simu ikiita. Namba ikikosewa tarakimu moja, unamsikia mtu akisema "haloo, nani?" nyumbani kwake, ilhali mwenye spika iliyozimwa ataendelea kumsumbua mtu huyo usiku kucha akidhani mtoa huduma ana matatizo. Modemu ya upande wa pili ikiitika, hutoa mlio mwembamba wa hertz 2100, ambao pia unaviambia vifaa vya kuzuia mwangwi kwenye mtandao wa simu vijiondoe. Kisha mvumo mzito, modemu mbili zikiipima laini, kisha kimya. Kimya hicho ni habari njema. Ukisikia mvumo unaanza, unakatika, unaanza tena, laini ni chafu na modemu zinahangaika kukubaliana. Mteja asiyejua lolote kuhusu kompyuta anaweza kukueleza yote haya, mradi umuulize, "Umesikia nini?"

Sijawahi kuliona swali hilo kwenye mwongozo wa huduma kwa wateja. Ningeliweka la kwanza.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba mara nyingine kosa liko kwenye kompyuta. Zipo modemu zinazomwachia prosesa kazi yote, na draiva mbovu, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia modemu, huziangusha. Namba 633 mara nyingi ni programu nyingine, ya faksi kwa mfano, iliyoishikilia modemu isiiachie. Nakubali pia kwamba mhudumu anayehesabiwa dakika kwa kila simu anayopokea hawezi kukaa akisikiliza. Basi aliyemhesabia dakika ndiye wa kulaumiwa, na bado mteja hana intaneti.

Turudi kwenye laini, maana huko ndiko matatizo mengi yanakozaliwa na ndiko wahudumu wasikotaka kuangalia. Chomeka simu ya kawaida kwenye soketi ileile ya modemu. Bonyeza tarakimu moja ili mlio ukatike, halafu nyamaza usikilize. Ukisikia mikwaruzo, miungurumo au sauti za watu wengine, usiguse kompyuta. Chomoa simu nyingine zote za nyumbani, faksi na kengele ya ulinzi, usikilize tena. Mikwaruzo ikitoweka, mwizi ni mmoja wa hao. Ikibaki, ni nyaya za ndani au za nje, na hapo anahitajika fundi wa simu, tena akiripotiwa mikwaruzo kwenye mazungumzo, kwa sababu kampuni nyingi za simu hazijifungi kuhudumia modemu.

Anayekatika katikati ya kazi aulizwe kama ana huduma ya simu inayosubiri. Ule mlio mfupi wa kumjulisha kwamba kuna mwingine anapiga unatosha kuvunja muunganisho. Rejista S10, moja ya namba za mipangilio zilizohifadhiwa ndani ya modemu, ndiyo inayoamua modemu ivumilie kwa muda gani kabla ya kukata, na huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Modemu nyingi hutoka kiwandani zikiwa na 14, yaani sekunde 1.4. Iongeze, na miunganisho mingi itapona. Aliye na sanduku la sauti, ambaye mlio wake wa kupigia unakatikakatika kunapokuwa na ujumbe, anahitaji amri ya ATX3 tu, ili modemu ipige bila kuusubiri mlio.

Kuhusu kasi, watoa huduma wawe wakweli. Kilobiti 56 kwa sekunde za V.90, kiwango cha modemu za kasi, zinawezekana tu pale ambapo njia yote kutoka kwa mtoa huduma ni ya kidijitali isipokuwa kipande cha mwisho cha shaba. Sauti ikigeuzwa mara ya pili njiani kati ya analogi na dijitali, utabaki na 33.6 au chini yake hata ununue modemu ya aina gani. Kumwambia mtu wa namna hiyo anunue mpya ni kumla pesa yake. Mara nyingine dawa ni kuishusha modemu kwa makusudi hadi V.34, kiwango cha zamani cha kasi ndogo, kwa sababu 28.8 isiyokatika inafungua barua haraka kuliko 48 inayokufa kila dakika chache. Mteja ataona amepunjwa. Mfafanulie.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtoa huduma ana ushahidi na hautazami. Seva yake ya RADIUS, inayohakiki majina na maneno ya siri ya wanaoingia, inaweza kuandika kila kikao kilianza lini, kiliisha lini, na sababu ya kuisha: mtumiaji alikata mwenyewe, mawimbi yalipotea, au muda wa kukaa bila kutumia laini ulipita. Hiyo ya mwisho ni mipangilio ya kampuni yenyewe, na nimewaona watu wakibadilisha nyaya za nyumba nzima kwa sababu yake. Kwenye rundo la modemu za kampuni, moja ikiharibika, kila simu itakayoiangukia itashindwa na zinazoangukia nyingine zitafanikiwa. Nyumbani kwa mteja inaonekana ni bahati mbaya isiyoelezeka. Mteja akitaja saa aliyokatika, kumbukumbu zinaonyesha alikuwa kwenye modemu ipi. Afunguliwe ukurasa huo na asomewe ulivyoandikwa, kabla hajaombwa kugusa kitu chochote.