Sukari ya Mpakani

Mimi ni fundi cherehani. Miaka 22 natembea na futi shingoni, na kiuno cha mtu nikikipima mara mbili kinatoka kilekile, labda mwenyewe awe amevuta tumbo ndani kwa aibu. Sasa nielezeni, inakuwaje damu ya mtu mmoja ipimwe mara sita, majibu yatoke sita, halafu mimi ndiye niambiwe nitulie?

Chanzo ni kupenda cha bure. Novemba 14, siku ya kisukari duniani, wakaweka turubai na meza pale sokoni kwetu, wanapima watu bila malipo. Sikuwa naumwa popote. Nimeona foleni, nikapanga. Kijana mmoja akanifuta kidole na pamba ya spiriti, akanidunga. Nikacheka. Sindano zinanitoboa vidole tangu enzi za Mkapa, leo nimepata mtu wa kuniombea samahani kabla ya kunichoma! Kile kimashine kikahesabu kurudi nyuma, tano, nne, tatu, kikaandika 12.9. Kijana akaacha kutafuna bigijii.

"Mzee, una sukari."

"Nyingi?"

"Nenda hospitali kesho asubuhi. Usile kitu."

Nafika nyumbani, habari imeshafika, imekula na imenawa. Mke wangu yuko mlangoni, mikono kiunoni. Kopo la sukari limeshahama mezani, na mpaka leo sijui liko wapi, na nimelitafuta mpaka kwenye ndoo ya mkaa. Jioni wakaanza kuja watu wa pole. Jirani wa kushoto akanisimulia habari za mjomba wake aliyekatwa mguu, akaisimulia vizuri, kwa vituo, huku mimi nakula. Mweka hazina wa kikoba chetu naye akaja na daftari kwapani. Akanipa pole sana, akanipongeza kwa moyo wa uvumilivu, kisha akauliza kama jina la mrithi bado ni lilelile.

Kesho yake nikaenda hospitali na njaa yangu. 6.8. Daktari ni kijana mpole, ananiita "mzee wangu" wakati nina miaka 44.

"Mzee wangu, hiki cha asubuhi kabla ya kula tunakiita kisukari kuanzia 7.0. Wewe hujafika."

Nikasimama, nikashukuru, mkono uko kwenye kitasa.

"Lakini kuanzia 6.1 nako si kuzuri. Uko mpakani. Na ile ya sokoni inanitia wasiwasi. Kama mtu hana dalili tunataka vipimo viwili vikubaliane. Rudi wiki ijayo."

Wiki ijayo, 7.1. Kwa hiyo cha kwanza kinasema bado, cha pili kinasema tayari, kama mashahidi wa kesi ya ng'ombe. Daktari akasema basi tuchukue kile cha damu ya mshipani, wanakiita HbA1c. Akanieleza kwamba sukari inanata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaishi kama siku 120, kwa hiyo kipimo kinaonyesha ulivyoishi miezi miwili mitatu nyuma, huwezi kukidanganya kwa kufunga usiku mmoja. Hapo nilielewa kuliko alivyodhani. Kitenge kinachochuja rangi ukikifua pamoja na shati jeupe, shati litakusema hata ukikataa.

Majibu: 6.4. Nikauliza mpaka wa hiki uko wapi. Akasema 6.5.

Nukta moja! Mimi mtu wa biashara, mkono ulishaanza kutaka kupatana. Nilitaka nimwambie, daktari, sema moja, kama ni mgonjwa nipe kidonge, kama ni mzima nipe soda. Maana hata kidonge sikupewa. Nimetoka pale na karatasi imeandikwa nipunguze vya ngano na vya sukari, nipunguze kitambi, nitembee dakika 30 kwa siku. Ugonjwa gani huu usio na kidonge? Nyumbani nitaonyesha nini?

Na kutembea kwenyewe jamani. Mtaani kwetu mtu mzima hatembei bila pa kwenda. Siku ya kwanza nimepita mikono mitupu, watu watatu wameniuliza nani amefariki. Siku ya pili mwenye duka akadhani nampitia mbali kwa sababu ya deni. Nikaanza kutembea na mfuko mtupu wa kitambaa, ili nionekane natoka sokoni. Sasa narudi, watoto wananikimbilia kuangalia nimeleta nini.

Halafu kuna habari ya mkojo. Nimeambiwa dalili mojawapo ni kwenda haja ndogo mara kwa mara. Nimeambiwa pia ninywe maji badala ya soda. Nanunua maji, nayanywa, usiku naamka mara nne, najiambia tayari, dalili hizo, kwa hofu koo linakauka, nakunywa tena maji. Siku moja mzee wa Kihindi ninayenunua kwake bitana Kariakoo akaniambia mababu zao waliuita madhumeha, yaani mkojo wa asali, kwa sababu waliona sisimizi wanaufuata. Angenyamaza tu. Saa 8 usiku nimechuchumaa nyuma ya choo na tochi ya simu, mtu mzima, fundi wa suti za maharusi, nasubiri sisimizi. Wakaja. Nikashika kichwa. Kumulika vizuri, wote wanakwenda kwenye kokwa la embe walilotupa watoto. Mke wangu akatokea na khanga yake akauliza nafanya nini. Nikasema nimeangusha shilingi mia.

Tiba za majirani sizihesabu. Mlonge, mdalasini, majani ya mpera, maji ya bamia yaliyolala usiku kucha. Yale ya bamia hayanyweki, yanakuja yote kwa pamoja kama kamasi, ukianza huwezi kusimama katikati.

Juzi daktari akaamua kumaliza ubishi. Nikaenda tena na njaa, nesi akapima damu, 6.7, kisha akanikoroga gramu 75 za glukosi kwenye kikombe cha maji. Gramu 75 ni kama vijiko 15 vya chai! Nyumbani mke amenifungia sukari kama bangi, hospitali wananipa ya kunywa kwa amri.

"Unywe ndani ya dakika tano, baba. Halafu ukae hapo saa mbili. Usitembee."

"Si mlisema nitembee?"

"Leo usitembee."

Funda la kwanza nilifurahi, sikatai. La tatu nikaanza kuyahurumia meno. La mwisho nilifumba macho. Nikakaa saa mbili kwenye benchi, tumbo tupu limejaa utamu, na nje mama wa chapati ndiyo anapindua, harufu inaingia dirishani bila kugonga. Nesi akaja na faili langu, akaangalia ile 12.9 ya sokoni.

"Baba, siku ile ulikuwa umekula nini?"

"Sikula kitu. Embe tu, dodo moja. Nilikuwa nalimenya kwenye foleni."

"Ulinawa?"

Nikanyamaza. Ninavyokumbuka, maji ya lile dodo yalikuwa yamefika kwenye kiwiko.

"Pamba ya spiriti haitoi sukari ya tunda vizuri kwenye ngozi, inatakiwa maji na sabuni. Inawezekana ulipimwa embe."

Wiki saba! Mrithi ameshahakikiwa, bamia nimekunywa, kumbe mgonjwa alikuwa dodo. Nikataka kuinuka niende nikamchukue yule mweka hazina na daftari lake. Nesi akanirudisha kwenye benchi, akachukua damu ya mwisho. 10.6. Nikauliza mpaka. 11.1. Chini ya 7.8 ndiyo mzima.

Yaani embe lilinisingizia, halafu wao wakafuatilia ule uongo wakakuta kuna kitu. Daktari akafurahi kabisa, akasema tumekuwahi, mzee wangu, rudi baada ya miezi mitatu tupime tena. Mimi mteja nikimwambia rudi baada ya miezi mitatu nijue kiuno chako, angenirudia na mgambo.

Nikatoka. Mama wa chapati akaniuliza, shemeji, majibu vipi? Nikamweleza yote, 6.8, 7.1, 6.4, 6.7, 10.6, mpaka huku, mpaka kule, si mgonjwa, si mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, na katika watu wote tangu Novemba yeye peke yake hakunipa pole wala jani la mti. Akachukua kisu, akakata chapati katikati, nusu akanifungia kwenye gazeti, nusu akairudisha kwenye hotipoti.

Hela akachukua ya nzima.