Serikali ikibana matumizi, nani hubanwa kwanza?

Julai 5, 2024, siku 9 baada ya kukataa kutia saini Mswada wa Fedha uliowafanya vijana waingie barabarani kuandamana, Rais William Ruto wa Kenya alitangaza kuwa serikali yake itajifunga mkanda. Mashirika 47 ya serikali yangevunjwa, washauri wangepunguzwa kwa nusu, na magari mapya yasingenunuliwa kwa miezi 12. Mswada ule ulilenga kuleta Sh346 bilioni za kodi. Sasa Sh177 bilioni zingepatikana kwa kupunguza matumizi, na Sh169 bilioni kwa kukopa.

Wanaotetea hatua hizi wana hoja nzito. Januari mwaka huo dola ilifika karibu Sh160, watu wakijiuliza Kenya ingelipaje hatifungani (hati ya deni ambayo serikali huwauzia wawekezaji) ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni. Februari serikali ilipokopa dola bilioni 1.5 na kulipa mapema sehemu kubwa ya deni hilo, shilingi iliinuka ndani ya wiki chache. Wakopeshaji humwamini anayeonyesha nia ya kulipa. Tena serikali ikikopa mno humu nchini, benki huweka pesa kwenye hatifungani zake, na mwenye duka anayeomba mkopo huambiwa arudi wiki ijayo.

Lakini matumizi ya serikali ni riziki ya mtu. Barabara ikisimama, mkandarasi halipwi, naye hawalipi vijana wa mjengo. Jioni wanapita dukani, na daftari la deni linafunguliwa: unga pakiti moja, sukari robo, mafuta ya kupima. Majina ni yale yale ya wiki jana, na hakuna lililopigwa mstari. Mwaka 2024 sekta ya ujenzi ilinywea, na ukuaji wa uchumi ukashuka hadi asilimia 4.7 kutoka 5.7. Riba kubwa ya Benki Kuu na maandamano vilichangia pia. Biashara ikilala, kodi nayo hupungua, na pengo lililokusudiwa kuzibwa hufunguka upya.

Mimi nakubali kwamba Kenya ilikuwa haina budi kupunguza. Kinachoniuma ni mahali kisu kinapoanzia. Kuvunja shirika kunahitaji sheria ibadilishwe, na wafanyakazi wake waliahidiwa kuhamishiwa wizarani, kwa hiyo mshahara unabaki pale pale. Kumpunguzia malipo mwanagenzi, aliye bado mafunzoni kazini, uamuzi wa ofisini unatosha. Ndivyo madaktari wanagenzi walivyoambiwa, kabla hata ya mswada huo, wapokee Sh70,000 badala ya Sh206,000 za makubaliano ya 2017, na hospitali za umma zikakaa siku 56 katika mgomo. Ningeanza na magari na safari, kisha kila shilingi iliyookolewa hapo ilipe kwanza wakandarasi wadogo wanaoidai serikali. Hao wakilipwa, yale majina daftarini yataanza kupigwa mstari.