Papi au mbwa mkubwa? Kwanza piga hesabu ya mkojo

Binti ya shangazi yangu anakaa bedsita Roysambu, ghorofa ya 4, na ni miezi sasa anatafuta kambwa kadogo ka ndani, Maltese ama Japanese Spitz. Juzi akaambiwa kuna mama anahamia nje ya nchi, anaacha Maltese wa miaka 3, kadi ya chanjo iko, hana maneno. Akakataa. Anataka papi, eti mbwa mkubwa ashazoea mwenyewe, kwake atakuwa tu mpangaji.

(Mkubwa wa umri, sio wa mwili. Huyo Maltese hafiki hata kilo 5.)

Nikamwambia tuanze na mkojo. Kuna kipimo cha kukadiria ambacho madaktari wa wanyama hupenda kutumia: chukua miezi ya papi ongeza 1, hayo ndio masaa anaweza kubana. Wa miezi 2 ni masaa 3, na hapo amejitahidi, hawa wadogo huwa hata hawafiki. Sasa yeye anatoka saa 12 asubuhi juu ya jamu ya Thika Road na kurudi ni saa 1 usiku. Masaa 13. Gawa mwenyewe. Na asiseme atamtoa nje kabla aende kazi, juu chanjo ya parvo, kile kirusi cha kuharisha kinachoua papi, inaanza kama wiki ya 6 hadi ya 8 halafu inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, na hicho kirusi kinakaa kwenye udongo miezi na miezi, kwa hivyo ile kona ya pakingi ambapo mbwa wote wa ploti hukojoa ndio papi hafai kukanyaga kabisa. Watu husema atajifunza. Atajifunza, lakini godoro litatangulia.

Bado chakula. Papi wa aina ndogo akikaa njaa sukari inashuka, analegea, anatetemeka, anaweza hata kuzirai, ndio maana anapewa kidogo kidogo mara 4 kwa siku. Ya saa 7 mchana atampa nani, keateka?

Enyewe watu wa papi wana hoja. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi mbwa anazoea dunia, watoto, blenda, lifti, na aliyekosa hayo anaweza kuogopa maisha yote, na wewe ukimchukua mkubwa hukuwepo kuona. Wengine pia wanatolewa juu waliuma mtu halafu unaambiwa tu "tunahama". Kwa hivyo nenda umuone zaidi ya mara moja, mshike miguu na masikio, mfungue mdomo, hawa wadogo meno huwaharibika mapema na kuyasafisha lazima alazwe kwa dawa ya usingizi.

Lakini angalau huo mdomo unaufungua ukiona. Papi wa wiki 8 wote ni pamba. Kuna jamaa Kahawa alinunua "Japanese Spitz" kwa kikapu, mwaka haujaisha amefika magoti, masikio yamelala, rangi ya chai ya maziwa. Ni mbwa mzuri sana, ila yule jamaa aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na hii ya kuzoea, hawa wadogo wengi huishi miaka 12 hadi 15, wa miaka 3 bado ako na karibu 10 ya kukaa na wewe. Wangu nilimpata akiwa na miaka 4. Siku tatu alikaa chini ya kitanda, hakuonja kitu nikiwa naangalia. Ya nne nikaamka usiku kuenda choo nikamkuta amelalia sandali zangu pale mlangoni, kidevu kwenye kamba, na nikivuta moja ananguruma.

Huyo Maltese bado hajachukuliwa. Jumapili tunaenda, kuangalia tu, ndivyo amesema, halafu usiku akanitumia meseji kuuliza kama wanakula ugali.