Stori ya kweli ikinyooka sana naanza kuitilia shaka

Nina tabia moja nikisoma kitabu kilichoandikwa "kisa cha kweli" kwenye jalada, nakuwa na penseli mkononi, na kila nikifika mahali watu wawili wanaongea peke yao chumbani, mlango umefungwa, na wote wawili wameshakufa kabla mwandishi hajaanza hata kuulizia habari zao, naandika pembeni ya ukurasa: nani alisikia? Nikisoma riwaya ya upelelezi au ya kijasusi penseli naiweka kando kabisa, maana pale tumeshakubaliana tangu mwanzo kwamba tunatungiwa. Watu nikiwaambia hivi wanashangaa, wanasema sasa we mtu unayekesha na majasusi na wauaji wa kukodiwa, huo ukali kwa waandishi wa visa vya kweli unautoa wapi? Naam, naupata hukohuko. Nimezisoma riwaya za kusisimua nyingi sana, najua zinavyoshonwa, kwa hiyo nikiona mshono uleule kwenye kitabu kinachojiita cha kweli nautambua mapema.

Riwaya ya taharuki lazima ifunge kila kitu. Ufunguo ukidondoka sura ya pili msomaji anaukumbuka, na sura ya ishirini anataka auone mlango wake. Muuaji hawezi kuwa mtu aliyeingia ukurasa wa mwisho kutoka hewani, ukifanya hivyo msomaji anakitupa kitabu na ana haki. Wale tuliosoma visa vya mpelelezi Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale uliotoka 1960, tunaijua ile raha ya mwishoni, Bwana Msa na kiko chake anapoanza kupanga mambo moja baada ya jingine, hiki ulikiona, kile ulikisikia, na kweli vyote vilikuwa mbele ya macho yako muda wote. Kila kitu kimetungwa lakini hujadanganywa.

Na kuna uaminifu mwingine wa riwaya ambao watu hawausemi sana, ule wa jinsi mambo yanavyofanyika. Frederick Forsyth alikuwa mwandishi wa shirika la habari la Reuters pale Paris mwanzoni mwa miaka ya 60, enzi ambazo OAS, kundi la siri la Wafaransa wenye silaha waliopinga Algeria kupewa uhuru, walikuwa wanamwinda rais wa Ufaransa Charles de Gaulle. Agosti 22, 1962 gari la de Gaulle lilimiminiwa risasi Petit-Clamart, yeye akatoka mzima, na Machi 1963 aliyeongoza shambulio lile, Bastien-Thiry, akauawa kwa kupigwa risasi baada ya kuhukumiwa. Riwaya yake The Day of the Jackal inaanzia hapohapo, kwenye asubuhi ya kuuawa kwa Bastien-Thiry, tukio la kweli kabisa, halafu ndo kutunga kunaanza, OAS wanamkodi mgeni aje amalize kazi. Forsyth aliiandika kwa siku kama 35, na wachapishaji kadhaa waliikataa kabla haijatoka 1971, hoja yao ikiwa kwamba nani atahangaika na njama ya kumuua de Gaulle wakati dunia nzima inajua hakuuawa.

Hoja ya maana kabisa ile. Ila soma ile sehemu muuaji anapozunguka kwenye makaburi ya makanisa huko Uingereza, peke yake, anasoma mawe. Anatafuta mtoto wa kiume aliyekufa mdogo ambaye kama angeishi wangekuwa rika moja. Anampata. Anaenda kuchukua nakala ya cheti cha kuzaliwa cha yule mtoto, anajaza fomu, anaomba pasipoti, pasipoti inatoka. Hakuna bastola wala kufukuzana, ni mtu na karatasi tu, na mi nilizisoma kurasa zile pumzi imenikaa kooni kwa sababu nilikuwa naona kabisa kwamba hii kitu inawezekana. Na iliwezekana kweli, mwanya ule ulikuwepo na ulichukua miaka mingi kuzibwa. Mwisho wa de Gaulle unaujua lakini bado unaogopa, kwa sababu kila hatua ina uzito wa kitu ambacho mtu angeweza kukifanya kesho asubuhi.

Sasa njoo kwenye vitabu vya kweli. Maisha hayafungi. Funguo zinadondoka na hakuna mlango wowote unaokuja kufunguka, mtu muhimu anatoweka katikati na harudi tena, polisi wanachelewa bila sababu inayoeleweka, anayepaswa kulia halii. Kwa hiyo kisa cha kweli kikinyooka kama riwaya, kila swali limepata jibu, kila sura inaishia mahali pa kukata pumzi, mi najiuliza nani kakinyoosha na katumia nini.

Mfano ninaourudia sana ni In Cold Blood ya Truman Capote. Novemba 1959 familia ya Clutter, baba, mama, binti na mtoto wa kiume, wanauawa nyumbani kwao Holcomb, Kansas. Capote anaenda huko, anakaa na watu, anaongea na wauaji wenyewe, na mwaka 1966 kinatoka kitabu alichosema kila kitu ndani yake ni kweli. Hakuwa anarekodi wala kuandika akiwa kwenye mahojiano, alikuwa anasikiliza, baadaye ndo anaandika kwa kumbukumbu. Nikisoma kile kitabu naheshimu kila sentensi, kwa ufundi sijui nani anamfikia. Lakini ile sehemu ya mwisho, mpelelezi Alvin Dewey yuko makaburini, anakutana na rafiki wa yule binti aliyeuawa, wanaongea kidogo kuhusu chuo na maisha yanayoendelea, halafu msichana anaondoka zake na upepo unabaki kwenye ngano, haikutokea. Dewey mwenyewe alisema hawakukutana. Capote alihitaji mwisho, kifo cha wauaji kwenye kitanzi kilikuwa kizito mno kufungia kitabu, basi akautengeneza mwingine laini zaidi.

Kinachonisumbua mi zaidi ya makaburi ni jambo dogo lililojulikana 2013 nyaraka za zamani za wapelelezi zilipotoka hadharani. Kwenye kitabu, mfungwa mmoja anawataja wauaji, na mpelelezi anatumwa siku hiyohiyo kwenye nyumba ya wazazi wa Hickock, mmoja wa wauaji. Mwendo unashika kasi, unafungua ukurasa haraka, safi sana. Kwa mujibu wa nyaraka walisubiri siku tano. Siku tano! Hebu fikiria siku tano hizo zina nini ndani yake, mashaka ya Dewey kwamba labda yule mfungwa anadanganya, labda alikuwa na mtu mwingine kichwani, uchovu, ubishi wa ofisini, woga. Sijui kilichokuwemo ndani na ndo hasara yenyewe, kwa sababu kile ndo kilikuwa kisa cha kweli na kimefutwa ili mbio ziende vizuri. Yaani kanuni ya riwaya imekuja ikala siku tano za maisha ya watu.

Baada ya hapo kuna wale ambao hata siwaweki kundi moja na Capote. James Frey alitoa A Million Little Pieces mwaka 2003 kama kumbukumbu za maisha yake ya ulevi na madawa, 2005 mtangazaji wa televisheni Oprah Winfrey akakichagua kwenye klabu yake ya vitabu, kikauza sana, na Januari 2006 tovuti ya The Smoking Gun ikafukua kumbukumbu za polisi. Miezi karibu mitatu ya jela aliyoisimulia ilikuwa masaa machache tu kituoni. Mwenyewe alisema mwanzoni walikizungusha kwa wachapishaji kama riwaya. Kingebaki riwaya nani angemlaumu? Maneno ni yaleyale, kurasa ni zilezile, ila mtu aliye kwenye ulevi anayekishika usiku akitafuta namna ya kuamka kesho yake, yeye hasomi riwaya, anasoma ramani. Anaamini kuna mtu alipita njia hii akatoka.

Binamu yangu tumebishana kuhusu hili mpaka sauti zimepanda. Yeye anasema, "Sasa we umeibiwa nini? Si ulisoma ukalia? Si ukabadilika? Basi kazi imefanyika." Wengi wako upande wake, najua, na wana neno lao la ukweli wa hisia. Nikamwambia haya, tuchukue kisa cha Misha Defonseca. Mwaka 1997 alitoa kumbukumbu akisema alikuwa mtoto wa Kiyahudi aliyetembea Ulaya nzima kwa miguu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akitafuta wazazi wake, akaishi na mbwa mwitu porini. Kikatafsiriwa lugha nyingi, filamu ikatengenezwa, na Februari 2008 akakiri hakikuwa kweli. Hakuwa Myahudi, hakuwahi kuondoka Ubelgiji wakati ule, alikuwa mtoto wa shule.

Lakini kuna kitu watu wakimaliza kukasirika wanakisahau. Wazazi wake walikamatwa kweli. Walikuwa kwenye harakati za kuwapinga Wanazi, wakachukuliwa yeye akiwa na miaka minne, hawakurudi. Na baba yake alituhumiwa kwamba alipokuwa mikononi mwa Wajerumani aliwataja wenzake, kwa hiyo yule mtoto alikua akiitwa binti wa msaliti. Nilipoisoma hiyo nilikiweka pembeni nilichokuwa nakisoma na sikuendelea siku hiyo. Kumbe kisa kilikuwepo! Mtoto wa miaka minne aliyepoteza wazazi na hata kuwalilia kwa heshima hakuachiwa, kwa sababu majirani hawajui kama baba yake ni shujaa au ni msaliti, na yeye mwenyewe hatajua. Hicho hakina mbwa mwitu, hakina safari ya kishujaa, hakifungi popote, na mi ningekisoma mpaka asubuhi. Akakizika akaandika kile chenye mbwa mwitu. Halafu walionusurika kweli kwenye kambi za Wanazi, waliobeba mambo yasiyobebeka na wakayaandika kama yalivyo, wanabaki wanaulizwa na watu wabaya kama na wao pia wametunga. Nikamwambia binamu, hao ndo walioibiwa. Alinyamaza kidogo, akasema hilo sikuwa nimelifikiria, ila mpaka leo hajakubali yote.

Na riwaya nazo zina dhambi yake, tusipendelee. The Da Vinci Code ya 2003 iliweka ukurasa mbele kabla hata stori haijaanza, ikasema kuna jumuiya ya siri iitwayo Priory of Sion, iliyoanzishwa 1099, na ni kitu halisi. Jumuiya hiyo aliianzisha Mfaransa Pierre Plantard mwaka 1956, na orodha za wakuu wake wa zamani zilitengenezwa na kupachikwa kwenye maktaba ya taifa ya Ufaransa. Kitabu kile kinakwenda mbio vizuri, sikatai, nilikimaliza siku mbili. Ila ule ukurasa mmoja haukuwa na ulazima, mwandishi alikuwa tayari na ruhusa yetu ya kutunga anachotaka, akaamua kuomba na imani yetu juu yake. Wapo watu mpaka leo wanaoizungumzia jumuiya hiyo kama historia.

Wengi wanadhani kitabu kikishapita kwa mchapishaji basi kuna mtu kakaa akahakiki kila tukio. Kwa kawaida hakuna. Mkataba unamtaka mwandishi aseme kwamba alichoandika ni kweli, mambo yanaishia hapo, mhariri anaangalia lugha na mwendo na mwanasheria anaangalia nani atashtaki. Baadhi ya magazeti makubwa yana watu kazi yao ni kupiga simu na kuuliza "hivi kweli ulisema hivi", vitabu vingi havina hata mmoja, labda mwandishi amlipe kwa hela yake. Ndo maana penseli yangu haiwezi kustaafu.

Sidai vitabu vya kweli viwe vikavu. Mwandishi abadilishe jina la mtu kumlinda, sawa, aniambie tu. Apunguze mazungumzo, sawa. Aniandikie "nadhani alisema hivi", au "kaka yangu analikumbuka hili tofauti", hapo namwamini mara mbili zaidi. Lakini mazungumzo ya kurasa tatu, neno kwa neno, ya miaka arobaini iliyopita, mwandishi alipokuwa na miaka sita, bila hata neno moja la tahadhari? Hapana jamani.

Sasa hivi nasoma kitabu kimoja cha mtu anayefuatilia kutoweka kwa mama yake mdogo. Nilikuwa nimefika katikati, usiku wenyewe wa tukio, nimeshaandaa penseli kwa sababu nilijua hapa sasa ndo atatunga, hapa hakuna anayeweza kujizuia. Ameandika anachojua: aliondoka nyumbani saa mbili, ameacha taa inawaka, jirani alisikia geti. Aya inayofuata inaanza saa tano, taa imezimwa. Katikati ya hizo saa tatu ameacha nafasi nyeupe ya mistari kama minne hivi, haina kitu. Niliiangalia muda mrefu ile nafasi, na nilipoinuka kwenda kulala nilirudi nikahakikisha mlango wangu nimeufunga.