Kombe la FA au kubaki ligi kuu? Wigan 2013 bado yatugombanisha

Huku Lamu ukikaa baraza za Langoni na mazungumzo yakawa ni boli, hakosi mtu wa kuuliza: timu yako ichukue kombe halafu ishuke daraja, ama isipate kitu ibaki ligi kuu, wewe wataka lipi? Na mfano ni ule ule, Wigan, timu ndogo ya Uingereza. Tarehe 11 Mei 2013 pale Wembley waliipiga Manchester City ya kina Yaya Touré moja bila kwenye fainali ya FA, kombe la mtoano la Uingereza, siku tatu baadae wakala nne kwa moja kwa Arsenal wakashuka. Kabla yao hakuna timu iliyowahi kubeba hilo kombe na kushuka msimu huo huo.

Mimi niko upande wa kombe, nasema mapema.

Lakini wale wa kubaki wana hoja nzito jamani, tusiwadharau. Mkataba mpya wa TV ulikuwa unaanza msimu uliofuata tu, haki za Uingereza peke yake zilienda pauni bilioni 3 kwa misimu mitatu, hata Cardiff walioburura mkia 2013-14 walitoka na zaidi ya pauni milioni 60, na Wigan wakazikosa kwa mwaka mmoja! Kocha Roberto Martínez akaenda zake Everton, 2015 timu ikaanguka mpaka daraja la tatu, 2020 ikafilisika ikakatwa pointi 12 na wafanyikazi wengi wakaachishwa kazi. Manake timu ikianguka straika hana shida, atapata pengine, anayeumia ni bawabu wa geti na mama wa jikoni.

Penye siwakubali ni pale wanaposema kombe ndilo lililowashusha. Wasema siku nne kabla ya fainali walifungwa 3-2 na Swansea nyumbani, na walikuwa wameongoza mara mbili, ati akili zishafika Wembley. Mechi ile moja sawa, yawezekana. Lakini msimu ule walifungwa magoli 73, hayo yote hayakuingia wiki ya fainali, beki Ramis aliumia Januari ikawa ndo basi, na tena 2011 waliponea siku ya mwisho kabisa, 2012 ikabidi washinde mechi 7 kati ya 9 za mwisho ndo wabaki. Timu inayoponea tundu la sindano kila mwaka kuna mwaka haitapita. Kwa hivyo swali lenyewe huulizwa vibaya, Wigan hawakuwekewa kombe huku na ligi kuu huku wachague, walikuwa wanashuka, kilichobaki ni kushuka na kombe ama kushuka mikono mitupu.

Na hebu iangalieni fainali yenyewe. Ben Watson, kiungo wa Wigan, alivunjika mguu Novemba, siku ile akaingia sabu dakika ya 81, dakika tatu baadae Zabaleta wa City akala nyekundu kwa kumwangusha McManaman, kijana aliyewasumbua mabeki wa City mechi nzima, halafu dakika ya 91 Maloney apiga kona, Watson huyo, kichwa, ndani! Mwenye timu Dave Whelan naye 1960 alivunjika mguu kwenye fainali hiyo hiyo akichezea Blackburn, na 2013 ndiye aliyetangulia mbele kuwaingiza vijana uwanjani. Kitu kama hicho wakipima kwa pauni gani? Nafasi ya 17, ile ya mwisho ya kuponea, mtu huisahau kabla msimu mpya kuanza.

Sisi wa pwani tungelielewa hili haraka kuliko wengine. Bandari ya Mombasa ligi ya Kenya haijaichukua hata mara moja, lakini Shield, kombe la mtoano la Kenya, walibeba 2015 na 2019, na zote mbili ziliwafungulia njia ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Timu isiyo na pesa mlango wake ni huo, ukimwambia asiutilie maanani apiganie nafasi tu wamfungia.

Hilo la Wigan kufilisika 2020 ndilo gumu kwangu. Ila klabu ilikuwa imeuzwa kwa mwenyewe mpya wiki chache tu kabla ya kufilisika, miaka saba baada ya Wembley. Waliopoteza kazi nawaonea uchungu kweli, lakini wa kuulizwa ni walioshika daftari za klabu, Watson na kichwa chake hawamo.