Msilaumu mtandao kabla ya kufungua logi ya seva

Kigoma mjini, kuanzia maduka ya jumla ya Mwanga hadi kwa wanunuzi wa dagaa wa Kibirizi, mfumo wa mauzo ukikwama jibu ni lile lile: mtandao unasumbua. Kuna siku ni kweli. Siku nyingine neno hilo linabebeshwa mambo yasiyohusiana nalo kabisa: muamala ulioshikilia rekodi, nywila iliyobadilishwa, seva iliyowaka bila kusikiliza. Mteja aliyelipia mfumo ana haki ya kuambiwa ni lipi kati ya hayo, na fundi hawezi kumwambia kama seva haikupangiwa mapema nani aingie na nini kiandikwe kwenye logi, yaani faili ambamo seva huandika matukio yake. Kwangu kazi hizo mbili zinatangulia habari zote za kasi na kumbukumbu ya RAM.

Nazungumzia PostgreSQL 16, programu ya hifadhidata, kwenye Ubuntu 24.04, aina ya Linux. Faili za kushika ni mbili, zote ziko ndani ya /etc/postgresql/16/main: postgresql.conf yenye mipangilio ya seva, na pg_hba.conf inayosema nani aruhusiwe kuunganisha.

Tuanze na listen_addresses ya postgresql.conf, yaani anwani ambazo seva inasikiliza. Ikiachwa ilivyo, seva inasikiliza localhost tu, yaani mashine yake yenyewe. Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kuongeza hapo anwani moja ya seva, kwa mfano 'localhost,192.168.10.5', kwa ajili ya usalama. Kwa mazingira yetu mimi nashauri kinyume. Umeme unakatika, ukirudi kila kitu kinawaka kwa mpigo, na seva inaweza kumaliza kuwaka kabla ya swichi. Kadi ya mtandao haijapata anwani, PostgreSQL inajaribu kuishika 192.168.10.5 na kuikosa, inaandika onyo kwenye logi kisha inaendelea na localhost peke yake. Ukiingia kwenye seva yenyewe, kila kitu kinajibu vizuri. Mashine za kaunta zinakataliwa zote. Hapo watu wataanza kubadilisha nyaya na kumpigia simu mtoa huduma wa intaneti, ilhali kilichohitajika ni kuwasha upya huduma moja.

Kwa hiyo andika listen_addresses = '*', na ulinzi uuweke panapostahili, yaani kwenye ngome ya moto (firewall, kwa Ubuntu ni ufw) na kwenye pg_hba.conf:

ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 5432 proto tcp

Kabla ya kuamrisha ufw enable, hakikisha umeruhusu SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, la sivyo utajifungia nje. Anayeng'ang'ania anwani moja basi aongeze Wants=network-online.target na After=network-online.target kwa systemctl edit postgresql@16-main, ili huduma isubiri mtandao. Baada ya badiliko lolote la listen_addresses, kusoma upya mipangilio hakutoshi. Lazima huduma iwashwe upya, kisha amri ya ss -ltnp ithibitishe kwamba poti 5432 inasikiliza pale unapotaka.

Kwenye pg_hba.conf kosa kubwa ni mpangilio wa mistari. PostgreSQL inasoma kutoka juu na kusimama kwenye mstari wa kwanza unaolingana. Ukishindwa hapo, haishuki kujaribu unaofuata. Mstari wa host all all 0.0.0.0/0 trust ulionakiliwa kutoka mahali fulani na kubandikwa juu unafuta maana ya mistari ya mtandao wa IPv4 iliyo chini yake, na hakuna anayeingia kwa njia hiyo atakayeulizwa nywila. Andika kwa ukali: hifadhidata moja, mtumiaji mmoja, mtandao mmoja.

host duka mauzo 192.168.10.0/24 scram-sha-256

Mstari wa local wa mtumiaji postgres uuache kama ulivyokuja. Faili hii haihitaji kuwasha upya, SELECT pg_reload_conf() inatosha, na jedwali la pg_hba_file_rules litakuonyesha mstari wenye kosa kabla mtumiaji hajakuonyesha.

Wenye matawi Kasulu au Kibondo nawaomba sana: msifungue 5432 kwenye intaneti. Roboti zinazojaribu nywila za mtumiaji postgres hazijali duka liko mji gani. Tumieni WireGuard, njia ya siri (VPN) kati ya tawi na seva, na upande wa tawi linalotumia ruta ya laini ya simu wekeni PersistentKeepalive = 25, maana NAT ya mitandao ya simu, yaani mfumo wa kushirikisha wateja wengi anwani moja, husahau haraka njia iliyokaa kimya.

Tawi ndipo linapotokea tatizo ambalo watu wa IT wengi hawalijui. Keshia wa Kasulu amefungua muamala, mfumo umeshika rekodi ya sukari, umeme wa kule unakatika pamoja na ruta. Seva ya Kigoma haipati taarifa yoyote. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux inakaa sekunde 7200 kabla ya kuuliza kama yule wa upande wa pili bado yupo, kisha inauliza mara 9 kila baada ya sekunde 75. Jumla ni saa mbili na dakika 11, na muda wote huo kila anayetaka kuuza sukari anasubiri. Weka hivi:

tcp_keepalives_idle = 60
tcp_keepalives_interval = 10
tcp_keepalives_count = 6
idle_in_transaction_session_timeout = '5min'

Sasa seva inamkatia aliyepotea baada ya dakika mbili hivi. Mstari wa nne ni wa programu iliyo hai ila imesahau kufunga muamala wake. Ongeza log_lock_waits = on, na anayesubiri rekodi zaidi ya sekunde moja ataandikwa, pamoja na namba ya mchakato unaomzuia. Mstari huo mmoja humaliza ubishi mwingi.

Kwenye logi, kitu cha kwanza ni saa. Seva nyingi za Ubuntu zinawekwa zikiwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Keshia anasema mfumo ulikwama saa mbili na robo asubuhi, saa ya ukutani ni 08:15, na logi imeandika 05:15. Fundi anatafuta mbili na robo, anakuta kimya, anahitimisha kuwa seva haikuwa na shida. Weka log_timezone = 'Africa/Dar_es_Salaam'. Tena angalia betri ya CR2032 kwenye ubao wa kompyuta. Ikiwa imekufa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma mpaka seva ipate intaneti na kurekebisha saa yake.

Ubuntu inaleta log_line_prefix, yaani mwanzo wa kila mstari wa logi, isiyoonyesha mashine iliyounganisha. Ongeza %h, ili iwe '%m [%p] %q%u@%d %h '. Washa log_connections na log_disconnections, na log_min_duration_statement uipe 500ms, ili amri inayochukua nusu sekunde au zaidi iandikwe. Msiweke log_statement = 'all', inayoandika kila amri, mkaiacha. Diski inajaa, na kwa kawaida /var/log iko kwenye diski ile ile ya data. PostgreSQL ikikosa nafasi ya kuandika WAL, kumbukumbu yake ya mabadiliko ya data, inasimama kabisa. Thamani ya 'ddl', inayoandika amri za kubadilisha muundo wa hifadhidata, inatosha, ila nywila za watumiaji zibadilishwe kwa \password ndani ya psql, kwa sababu ALTER ROLE yenye nywila itaandikwa kwenye logi wazi wazi.

Kuhusu kuzungusha faili za logi, yaani kuanza mpya na kufuta za zamani, wengi wanapenda kuwasha logging_collector na kutunza siku saba kwa jina la postgresql-%a.log. Siku saba hazitoshi. Malalamiko ya bidhaa kupungua huibuka wakati wa kufunga mahesabu ya mwezi, na hapo logi ya wiki ya kwanza imeshafutwa. Logrotate ya Ubuntu huzungusha kila wiki na kutunza faili kumi. Iacheni ifanye kazi yake.

Kwa zahanati na SACCOS kuna jambo la ziada. Amri zinazochelewa zinaandikwa na thamani zake, maana yake jina la mgonjwa au salio la mwanachama linaingia kwenye faili ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haibagui jedwali na logi. Weka log_parameter_max_length = 0, na faili zibaki za mmiliki na kundi la adm tu.

Baada ya hapo logi inasomeka. "Connection reset by peer" au "unexpected EOF on client connection with an open transaction": mteja amepotea, hapo angalia nyaya, umeme au programu yenyewe kufungwa ghafla. "Sorry, too many clients already": mtandao ni mzima, programu haifungi miunganisho, na max_connections ya 100 imejaa. "No pg_hba.conf entry for host": soma anwani iliyotajwa, huenda ruta imempa mtu namba ya mtandao mwingine. "Database system was not properly shut down": mara nyingi umeme ulikatika na UPS haikushika.

Mfumo usikabidhiwe kabla ya jaribio moja. Zima swichi, washa seva, subiri dakika tano, washa swichi, kisha uza kitu kutoka mashine ya kaunta bila kugusa seva. Ikikataa, rudi kwenye listen_addresses.