Bastola ya chumbani inamlinda nani?

Mjomba alinipa simu yake ihesabu sekunde, akazima taa, akajilaza kitandani. "Haya, wameingia," akasema. "Hesabu." Akapapasa miwani mezani, akaipata. Akapapasa ufunguo kwenye droo, akaukosa, akaupata. Akafungua kabati, akasukuma kando makoti ya mkaza mjomba, akafungua sefu iliyokazwa kwa nati ukutani. Bastola ilikuwa humo. Risasi zilikuwa kwenye kisanduku kingine, rafu ya juu. Aliposema "tayari", simu ilionyesha dakika 1 na sekunde 22. Na hapo hapakuwa na mtu anayeupiga mlango teke wala mtoto anayelia.

"Nitafanya mazoezi," alisema akiwasha taa.

Simtaji ili kumcheka. Miaka michache iliyopita wanaume wanne wenye panga waliingia nyumbani kwake, viungani mwa Nairobi, wakawalaza yeye na familia yake kifudifudi sebuleni kwa karibu saa nzima. Majirani walisikia, wakazima taa. Polisi walipigiwa simu usiku huohuo na kufika kumepambazuka, daftari mkononi. Mtu aliyepitia hayo akiomba cheti cha kumiliki silaha, ukimwambia "waachie polisi", umemtukana. Mimi singethubutu.

Na hoja yake haiishii kwenye uchungu. Katiba ya Kenya haimpi raia haki ya kubeba silaha kama ile ya Marekani. Kwetu cheti ni ruhusa, unaulizwa sababu, unapekuliwa, na ruhusa inaweza kufutwa. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwaita wote wenye silaha halali wakahakikiwe upya. Shirika la utafiti wa silaha la Small Arms Survey, la Geneva, lilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na silaha zipatazo 750,000, na zilizosajiliwa zilikuwa zaidi kidogo tu ya 8,000. Yaani kwa kila mjomba mwenye cheti kuna bunduki kama tisini ambazo hakuna ofisi inayozijua. Kisha kuna Westgate, jumba la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi. Tarehe 21 Septemba 2013, kabla vikosi havijajipanga, raia wenye bastola zao halali, Abdul Haji akiwa mmoja wao, waliingia pamoja na askari wachache waliovaa kiraia na kuwatoa watu waliojificha madukani. Watu 67 waliuawa katika shambulio lile. Wangekuwa wengi zaidi bila wale wachache. Kila mjadala wa silaha Kenya hufika Westgate, na una haki ya kufika.

Lakini hebu tuitazame Westgate vizuri. Ilikuwa mchana. Waliokuwa na bastola walikuwa macho, wamevaa viatu, silaha kiunoni, na walijua kwa nini wanaingia. Bastola ya nyumbani hufanya kazi saa nane usiku, mikononi mwa mtu aliyezinduka usingizini, gizani, katika jengo ambalo karibu kila anayetembea humo ni damu yake. Hizo ni kazi mbili, na tunaitetea ya pili kwa sifa za ya kwanza.

Sheria inataka silaha ihifadhiwe salama, na hakuna mzazi mwenye akili atakayebishana na hilo. Ila ikihifadhiwa hivyo, inachukua dakika 1 na sekunde 22. Wezi hawakupi muda huo. Wale wanne walimkuta mjomba bado anatafuta ndala.

Wanaosema bastola ya nyumbani ni biashara mbaya huonekana watu wa semina, wasiowahi kulazwa kifudifudi. Labda ni kwa sababu huanza na takwimu, nao huzitupa mezani bila kuzifafanua. Kuna moja ambayo nimeshindwa kuitoa kichwani. Watafiti wakiongozwa na David Studdert wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2022 utafiti uliopitia kumbukumbu za watu wazima milioni 17.6 wa California, kati ya 2004 na 2016. Hao wote wenyewe hawakuwa na bastola. Baadhi yao wakaanza kuishi na mtu mwenye nayo. Swali lilikuwa moja: je, wanaoishi chini ya paa lenye bastola wamelindwa zaidi?

Jibu: waliuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wenzao wasioishi na mwenye bastola. Na kuuawa kwa risasi nyumbani na mume, mke au mpenzi kulikuwa mara saba. Kati ya waliouawa hivyo, asilimia 84 walikuwa wanawake.

Rudi kwenye swali lenyewe. Mwenye bastola ndiye hujaza fomu, ndiye huhojiwa, ndiye huulizwa kama anahofia maisha yake. Utafiti huu uliwaangalia wale wasiojaza fomu: anayelala upande wa pili wa kitanda, mama mkwe aliyekuja kutibiwa. Tunaposema "nimeinunua kwa ajili ya familia", hao ndio familia. Mkaza mjomba hakuulizwa kitu. Makoti yake tu ndiyo yaliyosogezwa.

Mpinzani makini atasema hatari yenyewe bado ni ndogo, maana waliouawa ni wachache mno kati ya mamilioni. Kweli. Atasema pia huenda walionunua bastola walikuwa tayari kwenye mitaa mibaya au ndoa mbaya, kwa hiyo bastola ilifuata balaa badala ya kulileta. Inawezekana kwa sehemu, na watafiti wenyewe wanajua hawawezi kupima kila kitu. Atasema California si Kitengela. Hilo nalo kweli. Mara saba ya kule siwezi kuihamishia huku. Ninachokihamisha ni picha. Ugomvi wa ndani huanza mahali ambapo ufunguo wa sefu unajulikana uliko, na mgomvi hahitaji kuvunja mlango. Sekunde 82 zinazomchelewesha mjomba mbele ya wezi hazimcheleweshi mtu ambaye tayari yumo chumbani, ana hasira, na usiku ni wake wote.

Kuna na jambo tusilopenda kulitaja. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu 48,830 kwa risasi. 26,328 kati yao walijiua. Zaidi ya nusu. Sisi, ambao kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hatulileti kabisa kwenye mjadala huu, kana kwamba mwenye cheti hawezi kufilisika, kufiwa, au kukaa macho miezi mitatu. Wakati mbaya wa mtu hupita. Mbele ya bastola, mara nyingi hauachiwi nafasi ya kupita.

Halafu giza. Afrika Kusini ina wezi wakali kuliko wetu na wenye silaha halali wengi kuliko sisi. Mwaka 2004 Rudi Visagie, aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya raga, aliamka alfajiri akaona gari likitoka uani kwake. Akajua ni wezi, akafyatua. Alikuwa binti yake, miaka 19. Miaka tisa baadaye, huko Pretoria, Oscar Pistorius alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo akamuua mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Akajitetea kwamba alidhani ni mvamizi. Mahakama ya rufani ilimtia hatiani kwa mauaji mwaka 2015, ikisema kwamba aliyekuwa nyuma ya mlango awe nani, aliyefyatua alijua mtu anaweza kufa.

Visagie hakuhukumiwa. Sijui kama yeye aliona tofauti.

Kijana wa mjomba yuko chuo, na huruka ukuta. Anajua baba yake hufunga geti saa nne, na matatu ya mwisho humshusha saa sita. Tangu sefu ifike, mkaza mjomba amemwekea sharti: akifika stejini apige simu, akifika getini apige tena, na akiingia ataje jina lake kwa sauti kabla ya kugusa mlango. Amri hiyo hakuitoa mwenye cheti.

Ningekuwa na fedha alizotumia ningeweka grili mlango wa korido, taa za nje, kengele, na mbwa asiyelala. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba zote alikuwa nazo usiku ule isipokuwa mbwa, na hapo nikakosa la kusema.

Wiki iliyopita alinipigia kwa furaha: amefika sekunde 31. Nikamuuliza zile nyingine amezitoa wapi. Risasi, akasema, sasa zinakaa ndani ya bastola, na ufunguo umehamia chini ya mto.